Siku ya Kutulia Ugenini: Mwongozo Kamili kwa Wawili Walio Safarini kwa Gari

Kila msimu wa safari ukiisha nasikia malalamiko yale yale. Watu wawili wamezunguka nchi ya kigeni kwa gari, wakatenga siku moja ya kutulia, waone msitu au ziwa, wapumue. Wakarudi usiku wamenuniana. Gari limejaa matope, simu hazina chaji, na ukiwauliza waliona nini, wanakutajia maegesho.

Nami nimo. Siku yetu ya kwanza ya namna hiyo ilikuwa na vituo vitano. Tulipofika cha nne mvua ilikuwa imeanza. Nikateremsha kioo, nikapiga picha ya maporomoko kwa mbali, nikatia gia tuondoke. Mke wangu akanitazama, akauliza kwa upole, "Mume wangu, tunakimbizwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Niliipanga siku ya kutulia kwa mkono ule ule niliopangia siku za mwendo: hapa nusu saa, pale dakika ishirini, twende. Mwongozo huu unaipanga kinyume chake. Mnachagua mahali pamoja, saa ya kurudi mnaijua kabla hamjatoka, na katikati mnaacha muda mrefu wa kukaa tu. Fuateni hatua kwa mpangilio wake. Zile za mwanzo ndizo watu huziruka, na ndizo zinazoharibu zilizobaki.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Nyaraka. Leseni zenu halisi, na kibali cha kimataifa cha udereva pale kinapotakiwa. Kibali bila leseni yenyewe ni karatasi tu. Tena vibali haviko vya aina moja: kuna vya Mkataba wa Geneva wa 1949 na vya Mkataba wa Vienna wa 1968, na nchi hazikubali vyote. Japani, kwa mfano, hutambua kibali cha 1949 peke yake. Hili hulimalizi ukiwa tayari uwanja wa ndege, limalize nyumbani.

Mkataba wa gari la kukodi. Usomeni kipengele cha barabara zisizo na lami na kile cha kuvuka mpaka. Mikataba mingi inakataza barabara za changarawe, au inaacha nje ya bima matairi, vioo na uvungu wa gari. Na njia za kwenda porini ndizo zenye changarawe.

Ndani ya gari. Tairi la akiba lenye upepo, jeki, spana ya magurudumu, pembetatu ya tahadhari, waya wa kuchajia simu. Fungueni buti muone kwa macho yenu. Magari mengi ya siku hizi hayana tairi la akiba kabisa, yana chupa ya dawa ya kuziba pancha na pampu ndogo. Hakuna ubaya, mradi mjue hivyo kabla ya pancha.

Mgongoni. Maji, kwa kadiri ya nusu lita kwa mtu kwa kila saa ya kutembea, na zaidi kukiwa na joto. Chakula kisichohitaji kupashwa moto. Koti la mvua na nguo moja ya joto kwa kila mmoja, hata jua likiwaka. Tochi mbili, si moja. Filimbi. Pawabenki. Plasta za malengelenge, bandeji na kibano cha kung'olea kupe. Kofia na mafuta ya kujikinga na jua.

Vya kustarehe. Shuka nene au mkeka wa kukalia, themosi ya kinywaji cha moto, na darubini moja ndogo ya kushirikiana. Darubini moja ni bora kuliko mbili, kwa sababu inawalazimu kuongea: "Hebu nipe... wapi? Kushoto ya ule mti uliokauka."

Karatasi na kalamu. Simu ikizima, karatasi haizimi.

## Hatua ya 1: Chagueni siku inayostahili

Msiiweke siku moja kabla ya ndege ya kurudi, wala kesho yake baada ya kuendesha saa nane. Ya kwanza akili iko kwenye mizigo. Ya pili mwili umekufa ganzi, na aliyeendesha hataki kuuona usukani.

Siku nzuri ni ile iliyo kati ya usiku mbili mnazolala mahali pamoja. Mizigo inabaki chumbani, gari linakuwa jepesi, na jioni mnarudi kwenye kitanda mnachokijua. Kama ratiba haina usiku mbili popote, ongezeni mmoja na mfute mji mmoja. Najua inauma.

## Hatua ya 2: Kila mmoja aandike kitu kimoja

Kila mtu achukue kipande chake cha karatasi, aandike bila kuchungulia cha mwenzake kitu kimoja tu anachokitaka siku hiyo. Kimoja. Kisha mbadilishane.

Sababu ni kwamba wawili wanaopendana huongopeana kwa adabu. Unamuuliza mwenzako, "Unataka twende wapi?" Anajibu, "Popote upendapo." Hapo mmeshaanza kupotea, kwa sababu saa saba mchana, juani, mlimani, ndipo utakapojua kwamba yeye alitaka kulala chini ya mti akisoma.

Karatasi zetu za mwisho moja iliandikwa "kuona ndege wa majini," nyingine "kutovaa viatu." Ziwa lenye ufuo wa nyasi lilitimiza zote mbili bila mjadala. Zisipopatana kabisa, mmoja apewe asubuhi na mwingine mchana, lakini mahali pawe pale pale.

Mkiona mmoja ameandika vitu vitatu, mrudishieni karatasi.

## Hatua ya 3: Mahali pamoja, pasipozidi saa moja ya gari

Chukueni ramani, pimeni saa moja ya kuendesha kutoka mnapolala. Nje ya hapo msiangalie. Saa moja kwenda na moja kurudi ni saa mbili za kukaa garini, na hizo zinatosha kwa siku mnayoiita ya kupumzika. Msiamini kilomita peke yake. Kilomita 40 za barabara ya milimani yenye kona zinaweza kula muda kuliko 80 za lami iliyonyooka.

Pafaapo pana sifa tatu: maji au kivuli cha kukaa, njia fupi inayoweza kukatizwa katikati bila hasara, na uhakika kwamba mnaruhusiwa kuingia. Hili la tatu linatofautiana sana. Uswidi na Norwei, haki ya mtu kutembea kwa amani katika ardhi ya wazi, hata ya mtu binafsi, inatambuliwa, na Uskoti iliiweka katika sheria mwaka 2003. Kwingineko kuvuka uzio ni kosa, na mwenye shamba ana mbwa. Iceland imepiga marufuku kuendesha gari nje ya barabara, kwa kuwa alama za matairi kwenye kuvumwani (mimea midogo laini inayofunika ardhi) na udongo wake hukaa miaka mingi.

Angalieni pia kama kiingilio hulipiwa mtandaoni mapema. Hifadhi nyingi maarufu siku hizi zina idadi maalumu ya magari kwa siku, na mlangoni hawauzi nafasi.

Mkijikuta mnasema "na tukiwa njiani tunaweza kupitia pia...", acheni hapo hapo. Hiyo "pia" ndiyo iliyonifikisha kwenye vituo vitano.

## Hatua ya 4: Pangeni saa kuanzia mwisho

Watu hupanga saa ya kutoka, kisha wanaiachia bahati saa ya kurudi. Geuzeni. Tafuteni jua linazama saa ngapi *hapo mlipo, tarehe hiyo*, na muanze kuhesabu kurudi nyuma.

Aliyezoea jua la ikweta hukosea sana hapa. London, katikati ya Desemba, jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Mwishoni mwa Juni, mji ule ule, linazama baada ya saa tatu usiku. Na karibu na ikweta giza likija haliombi ruhusa: jua likizama, mna chini ya nusu saa ya mwanga wa kuona mizizi njiani.

Kisha hesabuni matembezi. Kanuni aliyoitoa Mskoti William Naismith mwaka 1892 bado inafanya kazi: saa moja kwa kila kilomita 5, na dakika 10 zaidi kwa kila mita 100 za kupanda. Njia ya kilomita 8 kwenda na kurudi, yenye mita 300 za mlima, ni saa 2 na dakika 6. Lakini huo ni mwendo wa mtu mwenye nguvu asiyesimama. Nyinyi mtasimama. Ongezeni nusu yake, iwe saa 3 na dakika 10, kisha saa moja na nusu ya kukaa. Mkianza kutembea saa tatu asubuhi, mtakuwa kwenye gari kama saa nane kasorobo mchana. Siku bado changa.

Sasa andikeni kwenye karatasi saa ya kugeuka. Ni saa ambayo mnageuka popote mlipo, hata kama kilele kinaonekana. Kwa mfano huo, saa sita na nusu. Andikeni asubuhi mkiwa na akili timamu, kwa sababu mchana mtashawishika.

Onyo dogo kwetu tunaohesabu saa kwa Kiswahili: bango la hifadhi likiandika 17:00, hiyo ni saa kumi na moja jioni. Inaonekana upuuzi kuikumbusha, ila nimewahi kusoma "17" nikiwa nimechoka, kichwa kikachomoa ile saba, nikabaki na uhakika kwamba lango linafungwa saa moja usiku. Tulifika limefungwa, gari letu likiwa ndani.

## Hatua ya 5: Jioni ya kuamkia

Haya yafanyeni usiku, si asubuhi, maana asubuhi kila dakika ya kutafuta kitu inageuka lawama.

Pakueni ramani ya eneo zima ili ifanye kazi bila mtandao, kisha izimieni simu data mjaribu. Wengi wanapakua mji na kuacha msitu. Jazeni mafuta. Someni maandishi kwenye pampu na ndani ya kifuniko cha tanki, msifuate rangi: Uingereza mpini wa kijani ni petroli, Marekani mara nyingi ni dizeli. Tanki la petroli likitiwa dizeli, au kinyume chake, msiwashe injini kabisa. Mpigieni simu aliyewakodisha.

Tafuteni namba ya dharura ya nchi hiyo muiandike. 112 inatumika kote katika Umoja wa Ulaya, Marekani ni 911, Uingereza 999 na 112 zote hufanya kazi.

Mwisho, mwachieni mtu ujumbe: mwenye nyumba, mtu wa mapokezi, ndugu yeyote anayeshika simu. Jina la mahali, mahali mtakapoegesha, rangi na namba ya gari, na saa ambayo asiposikia kutoka kwenu aanze kuuliza. Bila hiyo saa, ujumbe ni salamu tu.

## Hatua ya 6: Barabarani

Uingereza, Japani, Australia na Afrika Kusini hushika kushoto. Marekani na sehemu kubwa ya bara la Ulaya hushika kulia. Kwenye msongamano hukosei, kwa sababu unafuata wenzako. Makosa hutokea pale mnapotoka kwenye maegesho matupu, baada ya kula vizuri, barabara haina gari hata moja. Unaingia upande uliozoea tangu utoto.

Dawa yake: anayeketi kando ya dereva aseme upande kwa sauti kila mnapoanza na kwenye kila kona. "Kushoto." Basi. Na kwenye gari lililotengenezwa kwa ajili ya nchi hiyo, dereva hukaa daima upande wa katikati ya barabara. Ukijiona uko karibu na majani, simama.

Gaweni kazi. Mmoja anaendesha, mwingine anasoma ramani na kushika simu. Asiyeendesha haruhusiwi kuvuta pumzi kwa mshtuko isipokuwa kuna hatari kweli. Hii ni sheria ya nyumba yetu, nawapa bure.

Mteremko mrefu ushukeni kwa gia ndogo, breki mziguse kwa vipindi. Zikikanyagwa mfululizo zinapata moto na kulegea. Mkikuta maji yanapita juu ya barabara, geuzeni. Sentimita 30 za maji yanayokwenda kasi zinatosha kulielesha gari dogo, na 60 husomba hata yale makubwa.

## Hatua ya 7: Kuegesha kama mtu anayejua

Mgeni ni kuku mweupe, na gari la kukodi mahali pa watalii ni kuku mweupe zaidi. Kila kitu kiingie kwenye buti *kabla* hamjafika. Ukifungua buti pale pale maegeshoni ukatia begi, unamwonyesha anayetazama lilipo.

Egesheni uso wa gari ukielekea njia ya kutokea, na chini pawe udongo au lami. Msiegeshe juu ya nyasi kavu: ekzosi ya gari lililotoka safari huwa na moto wa kutosha kuziwasha. Msiache kiumbe hai ndani. Juani, katika nusu saa tu, joto la ndani linaweza kupita la nje kwa zaidi ya nyuzi 15.

Pigeni picha ya bango la njia lenye ramani. Ni sekunde tatu, na imeshatuokoa mara mbili.

## Hatua ya 8: Kutembea kwa mwendo wa anayekwenda taratibu

Mwenye mwendo mdogo atangulie. Kila mtu anakubali hili kwa maneno, hakuna anayelifuata. Mwenye miguu mirefu akitangulia, hufika kwenye kona, husubiri, na mwenzake akimfikia tu, huondoka. Yeye amepumzika, mwenzake hajapumzika hata dakika. Baada ya mara nne za hivyo kuna kesi.

Mguu ukianza kuwaka moto ndani ya kiatu, simameni wakati huo huo mbandike plasta. Lengelenge halisubiriwi, kwa sababu likishatunga maji, safari ya kurudi ni ya kuchechemea.

Mkiwa mnapanda, joto hushuka takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, ilhali mionzi ya jua inayounguza huongezeka kwa kama asilimia 10. Ndiyo maana watu hurudi kutoka mlimani wakiwa wametetemeka na wameungua siku hiyo hiyo.

### Radi, maji na wanyama

Mkiona umeme, hesabuni sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, shukeni kutoka kwenye uwazi wa juu, tokeni majini, msisimame chini ya mti uliojitenga. Gari lenye paa la chuma na vioo vilivyofungwa ni kimbilio zuri. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Ziwa la mlimani halifuati joto la siku. Maji yaliyo chini ya nyuzi 15 humfanya mtu avute pumzi kwa nguvu bila hiari yake, na kama kichwa kiko chini ya maji wakati huo, anavuta maji. Ingieni kwa miguu, polepole, mmoja akiwa nchi kavu. Kwenye mto unaokwenda kasi msivuke kwa ubishi.

Kama ni pwani, jueni kupwa na kujaa kwa siku hiyo. Sehemu nyingi, kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa 6 na dakika 12, na nyakati hizo husogea karibu dakika 50 kila siku, hivyo jana haikusaidii. Bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndipo maji hupanda juu zaidi na kuwafungia watu nyuma ya miamba.

Wanyama: nyosheni mkono, inueni kidole gumba, fumbeni jicho moja. Kidole kisipomfunika mnyama mzima, mko karibu mno. Hifadhi ya Yellowstone nchini Marekani inataka mita 91 kwa dubu, mbwa mwitu na puma, na mita 23 kwa wanyama wengine. Mnyama akiacha kula akawatazama, mmeshamsumbua.

## Hatua ya 9: Kaeni

Hapa ndipo siku yenyewe ilipo, na hapa ndipo watu hawajui la kufanya. Wanafika, wanapiga picha, wanaulizana, "Sasa?"

Tandikeni shuka mita kadhaa kutoka njiani. Vueni viatu. Simu ziingie ndani ya begi, sauti zimezimwa. Kuleni kwanza, kwa sababu mwenye njaa hana miiko, na neno baya la saa saba mchana mara nyingi ni tumbo linalosema. Kisha kaeni dakika ishirini bila kuongea. Wekeni saa ilie ili msiwe mnachungulia.

Dakika tano za kwanza hakuna kitu. Mnasikia upepo na mawazo ya bili. Hii ni kawaida: mlipokuja, kila kiumbe kilisikia hatua zenu kikajificha, na sasa kinasubiri kuona kama mtaondoka. Kuanzia kama dakika ya kumi, wanaanza kurudi. Ndege mdogo anarudi kwenye tawi lile lile aliloruka. Kitu kinatembea kwenye majani makavu, na mnagundua kilikuwepo muda wote.

Siku moja kereng'ende wa bluu alitua kwenye kamba ya kiatu nilichokivua, akashusha mabawa mbele, akayapandisha, akaondoka, akarudi pale pale. Mara saba. Mke wangu alikuwa anahesabu kwa vidole bila kusema. Nilikuwa sijui kwamba kereng'ende huchagua kiti chake na kukirudia. Hukitumia kama kituo cha kuwindia: anaruka, anakamata mbu, anarudi kula.

Saa ikilia, ongeeni. Kila mmoja ataje kitu alichokiona ambacho mwenzake hakukiona. Nawahakikishia kitakuwepo.

Anayetaka kusoma asome, anayetaka kulala alale. Kulala pamoja kimya ni sehemu ya ratiba. Ila mmoja abaki macho kama mko karibu na maji yanayojaa.

Mtajua hatua hii imefaulu pale mmoja wenu atakapouliza saa, na mwingine akakuta imepita zaidi ya alivyodhani.

### Mkigombana

Inatokea. Msilijadili jambo mkiwa mnatembea au mkiwa garini. Simameni, kunyweni maji, kuleni kitu, kaeni dakika kumi kila mtu akitazama upande wake. Ugomvi ukibaki baada ya hapo ni wa kweli, uahirisheni hadi jioni mkiwa mmeoga. Mwingi haubaki.

Na asitokee mtu wa kuondoka peke yake kwa hasira. Kutengana kwenye njia msiyoijua kunageuza mnuno kuwa msako. Mkipoteana licha ya yote, aliyepotea akae alipo na apige filimbi: mara sita ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, tena. Amerika Kaskazini ishara inayojulikana ni mara tatu.

## Hatua ya 10: Kurudi kabla hamjataka

Saa ya kugeuka ikifika, geukeni. Mtaona kama mnakatizwa utamu, na ndivyo inavyotakiwa.

Kama hamna saa, tumieni ngumi. Nyosheni mkono mbele, wekeni ngumi kati ya jua na upeo wa macho, bila kulikodolea jua lenyewe. Ngumi moja ni kama nyuzi 10 za anga. Karibu na ikweta jua hushuka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo ngumi moja ni dakika 40. Mbali na ikweta linashuka kwa mshazari na kuchelewa zaidi, lakini kosa la kuwahi halidhuru mtu.

Beba takataka zote, na maganda ya matunda pia. Haja kubwa ifukiwe sentimita 15 hadi 20 chini, mita 60 au zaidi kutoka kwenye maji. Karatasi mrudi nayo.

Mlangoni mwa gari, kabla ya kuwasha, aliyekuwa na nguvu zaidi ndiye aendeshe, hata kama zamu si yake. Nendeni taratibu jua likizama: ni saa ya wanyama kuvuka, na akivuka mmoja, tarajieni wa pili.

## Hatua ya 11: Mkifika

Kagueni kupe kabla ya kuoga: nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani, kwenye nywele. Hii ni kazi ya watu wawili, na ina raha yake. Akiwepo, mkamateni kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvuteni moja kwa moja bila kumzungusha. Msimpake mafuta wala msimchome moto. Andikeni tarehe, homa au wekundu unaotanuka siku zinazofuata ni wa kumwonyesha daktari.

Viatu vianikwe, makaratasi yatiwe ndani yake. Chaji simu.

Kisha, kabla ya kujitupa kitandani, mwambieni yule mliyemwachia ujumbe kwamba mmerudi. Sisi tuliwahi kusahau. Tulirudi saa kumi na moja jioni tukapitia mlango wa nyuma kwa sababu ya matope, tukaoga, tukalala. Saa nne usiku mlango ukagongwa. Alikuwa yule mama wa mapokezi, koti limevaliwa juu ya nguo za kulalia, na nyuma yake vijana wawili wenye buti na tochi za kichwani, mmoja ameshika karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu, yenye rangi ya gari letu.